Jina la Babu, Faili ya Mjukuu

Yule shosho, kama tunavyomwita nyanya huku kwetu, sikumpenda, na yeye hakunipenda hata kidogo. Kila Jumanne, kabla sijavua koti, alikuwa ameshakaa kwenye benchi chini ya dirisha langu, kiondo kati ya miguu, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Hodi hakujua. Alikuwa akigonga kioo kwa ufunguo wa nyumba yake mara tatu, anangoja kidogo, kisha mara tatu tena. Nikifungua, maneno ni yale yale: "Nataka kuona karatasi ya mzee wangu." Siku za kwanza nilimjibu kwa adabu niliyofunzwa nyumbani. Kufikia Juni adabu ilikuwa imeisha, na nilikuwa namjibu huku nikipekua droo ambazo sikuwa na haja nazo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya chama cha wakulima wa kahawa huku Tetu, upande wa Giakanja. Jina la chama tuliache. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu, kazi niliyoianza nikiwa msichana mwembamba na ambayo ilinikuta na miwani, na katika miaka hiyo yote niliona mameneja watano wakija na kuondoka.

Karatasi aliyokuwa akiitafuta shosho ilikuwa fomu ya uanachama ya mumewe. Kila mwanachama ana fomu moja, na chini kabisa ya fomu kuna mstari wa mrithi, yaani mtu atakayeshika uanachama siku mwenyewe akifa. Mumewe tulikuwa tumemzika baada ya Pasaka. Na bila uanachama kahawa yako haipokelewi kiwandani, hata iwe nyekundu namna gani. Kwa hiyo jina moja kwenye mstari mmoja ndilo lingeamua kama yeye, aliyeichuma ile miti tangu alipoolewa, ataendelea kuichuma kama yake au kwa kuombaomba ruhusa. Hilo nililijua vizuri. Kumpenda sikuweza, lakini shida yake niliielewa.

Tatizo ni kwamba fomu hazikuwa tena kwenye makabati. Meneja wetu mpya, mtu wa koti la kubana na maneno mengi, alikuwa ameamua kwamba stoo ya karatasi iwe stoo ya mbolea. "Madam, dunia imeenda dijitali," aliniambia, kana kwamba dunia ilikuwa imempigia simu yeye peke yake. Fomu zote zipigwe skana, ziingie kwenye kompyuta, karatasi ziondoke. Zilikuwa karibu elfu mbili. Na wa kuzipiga skana nilikuwa mimi, na mpaka nizimalize, mtu asionyeshwe hata moja.

Kupiga skana si kazi. Kazi ni majina. Ile skana ilikuwa ikiipa kila fomu jina lake yenyewe, nambari ndefu isiyoeleweka, na mimi ilinibidi nifungue kila picha, nisome ni ya nani, niifunge, nibonyeze, nifute ile nambari, niandike jina la mtu, nibonyeze tena, niende kwa nyingine. Mei yote nilifanya hivyo. Mkono ulikufa ganzi kuanzia kiwiko kushuka. Nilikuwa nikilala naona nambari. Stima ikipotea, na huku kwetu umeme hupotea wingu likipita, kazi ya nusu saa inaenda nayo. Na kila Jumanne, gonga gonga gonga, ufunguo kwenye kioo.

Mwezi wa sita meneja akaleta mtaalamu kutoka Nyeri mjini. Viatu vyake vilikuwa na ncha ya kuchokorea meno. Aliketi kwenye kiti changu bila kuniomba, akaweka programu mpya kwenye kompyuta yangu, akageuka akanitazama kuanzia sweta hadi viatu. "Hii haihitaji kuandika kodi ya kompyuta hata mstari mmoja," akasema. "Hata wewe mama utaweza." Lile neno "hata" nimelibeba mpaka leo. Angeniambia nitaweza, ningemkaangia chapati. Aliniambia hata wewe, na nikamchukia papo hapo, na ndiyo sababu sikumuuliza swali hata moja siku mbili zote alizokaa pale. Ningemuuliza angalau moja, haya yote yasingetokea.

Na programu yenyewe, wacha niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Unavuta visanduku kwa mausi na kuviunganisha kwa mishale, basi. Kisanduku cha kwanza: chukua faili zote kutoka folda ya skana. Cha pili: tazama orodha hii, na kila faili uipe jina lililo mbele ya nambari yake. Orodha nilikuwa nayo, maana fomu nilizipiga skana kwa kufuata kitabu cha wanachama kuanzia nambari moja kwenda mbele. Cha tatu: hamisha faili, uipeleke kwenye folda ya wanachama. Ukishamaliza kuviunganisha, kuna kitufe kimoja cha kijani. Mtaalamu alipoondoka nilivunja vile visanduku alivyovipanga yeye, nikavipanga vyangu upya peke yangu. Kiburi, ndiyo. Nilikuwa na haki ya kuwa nacho.

Nilitaka faili zipewe nambari za uanachama. Meneja akakataa. "Watu wetu wanakuja na majina, hawaji na nambari," alisema, na hapo hakukosea, maana shosho mwenyewe nambari ya mumewe hakuijua. Tukaweka majina.

Kisanduku cha tatu kilikuwa na swali ndani yake. Kama kule zinakokwenda kuna faili nyingine yenye jina hilo hilo, ifanywe nini? Irukwe, iongezewe nambari mwishoni, au mpya ikae mahali pa ile ya zamani? Nilifikiria zile fomu zilizokatwa na stima. Nyingi nilikuwa nimezipiga skana mara mbili, picha ya kwanza nusu yake nyeusi, ya pili nzima. Nikasema vyema, mpya ikae mahali pa ya zamani, takataka iondoke yenyewe. Chini ya swali kulikuwa na kijisanduku kidogo cha kutia alama: usiniulize tena. Nikatia alama kwa raha. Kuna wakati katika maisha ya mtu ambapo anachotaka ni kutoulizwa.

Mtu yeyote aliyezaliwa huku kwetu ameshaliona kosa. Mzaliwa wa kwanza wa kiume anaitwa jina la baba ya baba yake. Akikua, akioa, mwanawe wa kwanza anaitwa jina la baba yake yeye, na yule wa baada yake anarudi kwa babu, na hivyo hivyo, jina linapanda na kushuka mlima huu tangu zamani. Babu ni fulani mwana wa fulani, na mjukuu ni yule yule fulani mwana wa fulani. Wazungu walipoleta majina ya ubatizo tukayafunga kwenye kamba hiyo hiyo, mtoto akapewa na lile la kanisani la babu ili heshima itimie. Nyumbani kwetu baba yangu alikuwa akimwita ndugu yangu "baba", na hakuwa anatania. Nyanya humwita mjukuu wake "mume wangu", na akija kumtembelea anamwekea kiti cha mzee. Mimi mwenyewe jina langu ni la mama ya baba. Haya yote niliyajua kabla sijajua kuhesabu.

Kwenye makabati, karatasi mbili zenye jina moja zilikuwa zikilala pamoja bila ugomvi. Sisi makarani tulikuwa tukisema "huyu mzee" na "huyu kijana", au "wa juu ya barabara" na "wa kwa daraja", tukaelewana. Kompyuta haina juu ya barabara. Folda moja haiweki faili mbili za jina moja, na mimi nilikuwa nimeshaiambia cha kufanya, tena nikaikataza kuniuliza.

Nilibonyeza kile kitufe cha kijani Jumatano moja asubuhi ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha. Chai ya saa nne ilikuta kazi imeisha. Kazi ya miezi, kabla ya chai. Nilitazama majina yakijipanga yenyewe kwenye skrini na nikalia kidogo, si kwa furaha tu, pia kwa uchungu wa ile Mei yote. Meneja akapiga makofi. Akaleta kijikaratasi kinachosema kwamba nimehakikisha faili zote ziko sawa, nikatia sahihi bila kuhesabu. Ijumaa fomu zilitolewa kwa mikokoteni, zikachomwa nyuma ya kiwanda, karibu na meza za kuanikia kahawa. Nilisimama pale nikiota moto.

Jumanne shosho akaja. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kumwona, nikafungua mlango nikamwingiza ndani, nikamvutia kiti. Nilitaka aone. Nilitaka akome kunigongea kioo. "Leo shosho ni sekunde moja tu," nilimwambia, nikaandika jina la mumewe, na fomu ikajitokeza kwenye skrini, safi, nzima. Nikashuka chini kwenye mstari wa mrithi nikamsomea.

Lilikuwa jina la msichana wa siku hizi. Nililisoma nikasikia mwenyewe kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Shosho aliinamia skrini. "Huyo ni bibi ya mume wangu," alisema.

"Mke wa mume wako ni wewe, shosho."

"Mume wangu wa Kiganjo. Ule mdogo. Yule wa duka ya simu."

Hapo ndipo nilipotazama nambari ya uanachama, tarehe, na ile picha ndogo ya pasipoti iliyobanwa pembeni. Mjukuu wake alikuwa amejiunga na chama miaka mitatu nyuma, babu alipomgawia miti michache. Fomu ilikuwa yake, na mrithi alikuwa mkewe. Nambari yake ilikuwa ya mbali kwenye kitabu, kwa hiyo faili yake ilipita baadaye, ikamkuta babu amekaa mahali pake kwenye folda, ikamwondoa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa na duka la simu Kiganjo.

"Na ile ya mzee?" shosho akauliza.

"Ngoja nitafute."

"Tafuta."

Nilitafuta mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile. Folda ya skana ilikuwa tupu, maana niliambia kompyuta ihamishe, sikuiambia inakili. Nikamwambia haionekani.

"Na karatasi yenyewe?"

"Ilichomwa."

"Ilichomwa ikaisha?"

"Ikaisha, shosho."

Aliniangalia. Nilijitayarisha kutukanwa, na ningestahili. Badala yake alichukua kiondo akaondoka, na mimi nikadhani ni huzuni.

Alipotoka nilifungua ripoti ya programu. Kila inachofanya inakiandika, mstari kwa mstari, bila aibu. Nilihesabu mistari iliyosema faili ya zamani imeondolewa, nikatoa zile nilizojua nilipiga skana mara mbili. Zilibaki arobaini na moja. Wazee arobaini na mmoja walikuwa wamefutwa na wajukuu zao, na wengi wao walikuwa bado hai, wanaleta kahawa kila wiki, hawajui kwamba kwetu hawapo.

Nilimwambia meneja siku hiyo hiyo. Alifunga mlango. "Hao wazee wengine tutawajazisha fomu mpya, tutasema ni zoezi," alisema. "Huyu aliyekufa, sema hakujaza mstari wa mrithi. Wengi hawakujaza."

"Huyu alijaza. Fomu zote za mwaka alioandikwa zilijazwa."

"Wewe unakumbuka?"

"Mimi ndiye niliyezijaza."

"Unakumbuka ulimjazia nani?"

Nikageuka nikatazama dirishani. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekupata. Nilitamani kumpiga na ile skana.

Ikaenda kwa kamati. Sheria ya chama ilikuwa kwamba mstari wa mrithi ukiwa mtupu, kamati inaamua. Na kabla ya mkutano nilisikia kwenye korido wanakamati wawili wakilisema lililokuwa akilini mwa wote: kwa nini wasumbuke? Yuko mjukuu, baba yake alishakufa, na jina ni lile lile. Hata kitabu hakitahitaji kufutwa. Mjukuu mwenyewe hakuwa mtu mbaya, ila kila mtu alijua anataka kung'oa kahawa ya babu apande parachichi.

Habari zilimfikia shosho, na Jumanne iliyofuata ufunguo ukarudi kwenye kioo. Sasa alikuwa amewaka.

"Mimi ndio nimechuna hiyo kahawa," aliniambia kupitia dirishani, mbele ya foleni nzima. "Nikiwa na mimba nikichuna. Nikiwa mgonjwa nikichuna. Wewe umekaa hapo unafinyafinya hiyo kitu yako, umeniulia mzee mara ya pili."

"Shosho, usinipigie kelele kazini."

"Ni kazi gani unafanya? Hebu niambie. Kazi gani?"

Watu walicheka. Nilifunga dirisha, nikaketi nyuma yake. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli, na hakuna chuki inayokaa kama hiyo.

Kamati ilikutana Jumatano saa nne, kwenye ule ukumbi wa mabati. Shosho alikuwa safu ya mbele na kitambaa kipya. Mjukuu alikaa nyuma kabisa, akiwa na koti la ngozi na simu mbili mkononi. Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta, nimeletwa kuonyesha kwamba hakuna kitu. Meneja alisimama akaeleza, kwa sauti ya kanisani, kwamba marehemu kwa bahati mbaya hakujaza mstari wa mrithi. Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye kofia asiyoivua hata kwenye maombi, akamgeukia mjukuu akamuuliza ana lolote.

"Mimi sina maneno mingi," mjukuu akasema. "Shosho tutamtunza."

"Mimi si kuku nitunzwe," shosho akajibu bila kugeuka.

Sikusimama kwa sababu ya wema. Mtu akija kuniambia nilikuwa na moyo mzuri siku ile, atakuwa ananidanganya. Nilisimama kwa hasira. Ile sauti ya kanisani ya meneja ilinipanda kichwani, na lile neno "bahati mbaya", na nikakumbuka ile "hata wewe mama", na miguu ikajiinua.

"Mzee alijaza," nikasema. "Alijaza, na mimi nimemfuta. Jina lake na la huyu kijana ni moja, na nilipanga kompyuta iweke ya mwisho iondoe ya kwanza. Ripoti iko hapa. Imefuta wazee arobaini na mmoja, na wengine wamekaa humu ndani." Nikawasomea majina matatu ya wanakamati waliokuwa wamefutwa. Mmoja wao alijigusa kifua, kama anayehakikisha yupo.

Kelele zilianza. Meneja alisema mambo kuhusu nidhamu na siri za ofisi. Mwenyekiti aliinua mkono mpaka watu wakanyamaza. Alinitazama chini ya kofia yake.

"Hiyo kompyuta inasema kulikuwa na fomu," alisema. "Haya. Inasema kulikuwa kumeandikwa nini?"

"Haisemi. Inasema tu ilikuwepo."

"Na nani aliijaza?"

"Mimi. Mwaka ule tulipojaza fomu, kwenye hema, siku ya mkutano mkuu. Mzee hakuwa anajua kuandika. Alisema, mimi nikaandika, akaweka kidole."

"Basi wewe ndiye fomu," mwenyekiti akasema. "Ulimwandika nani?"

Nawaambia ukweli ambao sikuwaambia wao. Sikukumbuka. Siku ile niliandika fomu mia na kitu, jua kali, watu wamenisongea meza, kila mwanamume anataja jina la mwanamke na mimi naandika, wala sijui ni mke wa nani na ametoka wapi. Uso wa mzee niliukumbuka kidogo. Jina alilolitaja halikuwepo kichwani mwangu kabisa. Nilimtazama shosho anisaidie hata kwa macho. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu, mikono yote miwili imebana kiondo.

Nilijiuliza mwanamume wa umri ule, wa kijiji kile, angemwandika nani. Nikaona ile miti. Nikaona nikisema sikumbuki, na meneja akitabasamu tena.

"Alimwandika huyu mama," nikasema.

"Una hakika?"

"Niliandika kwa mkono wangu huu."

Ikapita. Waliinua mikono, na hata mjukuu aliinua wake, ingawa hakuwa mwanakamati. Mwenyekiti akaagiza shosho aandikwe siku hiyo hiyo, kwa kalamu, kwenye kitabu, na fomu mpya zijazwe kwa wote waliofutwa. Watu wakampa shosho mkono, mmoja mmoja, naye akawapa ncha za vidole. Meneja alipita karibu yangu akaniambia kwa kunong'ona nikabidhi funguo kabla ya Ijumaa. Nilimwambia nitamkabidhi sasa hivi akitaka. Nilijisikia mkubwa. Miaka yote ile ofisini sikuwahi kujisikia hivyo.

Nilimfuata shosho nje. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka asante, kwa sababu nilikuwa nimepoteza kazi kwa ajili yake na hakuwa hata amenitazama. Nilimpata langoni akifunga kitambaa vizuri.

"Basi shosho, umeona," nilimwambia. "Mzee alikukumbuka."

Aligeuka akaniangalia kwa jicho ambalo alikuwa akinipa kupitia dirishani kila Jumanne.

"Usinidanganye mimi vile umedanganya hao."

"Nimedanganya nini?"

"Mzee aliandika mwanamke wa Kangema." Alisema polepole, bila kuinua sauti. "Siku hiyo ya hema. Alidhani nimeenda kununua chumvi. Nilikuwa nyuma yake, karibu vile uko hapo. Akakwambia jina ya huyo mwanamke, ukaandika. Ukamshika kidole ukaipaka wino. Mimi nikaenda nikanunua hiyo chumvi, nikarudi nyumbani nikapika."

Nilimsogelea. "Na kila Jumanne ulikuwa unakuja kuitisha nini?"

"Nilitaka mnipatie niishike kabla kamati haijaiona. Ningeipasua mbele yako, na ungenifanya nini? Ukaniambia imechomwa. Nilienda nyumbani nikalala mchana, kitu sijafanya tangu nizaliwe."

"Huyo wa Kangema anajua aliandikwa?"

"Anajua. Mzee alimwambia. Ako na watoto wawili ya mzee. Tangu Pasaka anangojea barua ya chama."

Nikamuuliza mwanamke huyo anaitwa nani. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, na ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumwomba kitu.

"Si wewe ndio uliandika?" alisema, akatupa kamba ya kiondo kichwani, akateremka njia ya kiwandani. Nilisimama pale langoni nikijaribu kulikumbuka lile jina. Sikulikumbuka siku ile, na sijalikumbuka mpaka leo.